Ukipanda ndege na mtoto, ukae wapi?

SEHEMU YA 1

Nesi wenu nimerudi.

Tulimalizana na homa za usiku, nikaahidi tutaongea habari ya safari. Maswali niliyopata safari hii mengi ni ya ndege, na wala sishangai. Zamani huku kwetu ndege ilikuwa ya mabosi wa mgodi na wabunge. Siku hizi mama wa Katoro anapanda, mama wa Kahama anapanda. Mmoja anamfuata mumewe Dar, mwingine anapeleka mtoto kliniki Muhimbili, na kwenye begi kuna chupa ya uji na nepi za kitambaa kama kawaida.

Mabadiliko haya nayakumbuka. Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet walianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa bei ambayo wengi tulidhani ni utani. Ndio waliotuzoesha kwamba tiketi ni kitu kimoja, begi ni kitu kingine na kiti nacho ni kitu kingine, kila kimoja na bei yake. Mwishoni mwa 2018 wakaacha kuruka nchini, lakini mtindo wao ukabaki. Leo ukinunua tiketi ya bei ya chini, mara nyingi umenunua nafasi ndani ya ndege tu. Kiti utapangiwa.

Hapo kwenye kupangiwa ndipo nilipokosea mimi, na nusura kosa langu limgharimu mtoto wa mwenzangu. Naandika haya nikiwa na aibu kidogo, lakini heri niaibike hapa kuliko mwingine arudie.

Miaka michache nyuma, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, nilipewa kazi ya kumsindikiza mtoto wa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Jina lake nabaki nalo mwenyewe. Alizaliwa na lile tatizo la moyo ambalo damu isiyo na oksijeni inapita njia ya mkato na kuchanganyika na yenye oksijeni. Akitulia utamwona wa kawaida, anacheka, anavuta nywele zako. Akilia sana, midomo na kucha vinageuka bluu kama aliyetoka kula zambarau.

Baba yake mchimbaji mdogo. Duara lao lilikuwa halijatoa kitu kwa miezi, wanapiga mwamba tu. Nauli ilitokana na wenzake: huyu elfu tano, yule elfu mbili, mama ntilie wa pale kwenye karasha elfu kumi. Mama alikuwa ameandika majina yote nyuma ya daftari la kliniki ili siku Mungu akijalia awarudishie.

Kwa nini wasiende na basi? Daktari alikataa. Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, mnakesha njiani, joto, na mtoto yule hakutakiwa kuchoka wala kukaukiwa maji. Tena hata ndege hakuiruhusu hivihivi. Alimpima kwanza, akaandika barua, kwa sababu ndege ikiwa juu hewa ya ndani inakuwa nyepesi, ni kama mko juu ya mlima wa mita 2,000 na zaidi. Mimi na wewe hatusikii kitu. Mtoto ambaye oksijeni yake tayari iko chini anaweza kusikia.

Basi nikaenda kukata tiketi Geita mjini. Kijana wa wakala akaniuliza, "Sista, mnalipia viti mkae pamoja?"

Nikamuuliza bei. Kwa wote wawili haikuzidi kilo moja ya nyama.

Nikakumbuka lile daftari na yale majina. Nikasema, "Cha nini? Si ndege moja?"


SEHEMU YA 2

Tulivuka Busisi kwa kivuko jioni, tukalala Mwanza kwa dada yangu, asubuhi na mapema tukawa uwanjani. Shinyanga tuna uwanja wetu wa Ibadakuli na Geita wana wa kwao kule Chato, lakini safari nyingi za ukanda huu bado zinapitia Mwanza, pale kando ya ziwa.

Kaunta wakatupa bodingi pasi. Mama na mtoto safu ya nne, kiti cha njiani. Mimi safu ya kumi na tano. Nikaomba tubadilishiwe, yule binti akaangalia kompyuta, akasema ndege imejaa, tukaombane na abiria wenzetu humo humo ndani.

Sasa nisikilizeni. Ndani sikuomba. Kosa la pili hilo. Watu walikuwa wameshakaa, wameshafunga mikanda, kila mtu na simu yake. Nikaona haya kumsimamisha mtu. Nikajiambia mwendo wenyewe hata saa mbili hazifiki, na mama nimeshamwelekeza: ndege ikianza kushuka mpe ziwa, ameze mate, masikio yasimuume. Akaitikia, "Sawa sista." Nikaenda kukaa kwangu nyuma, nikafunga mkanda, nikaridhika kabisa.

Ilikuwa ndege ya pangaboi. Safu ya nne ilikuwa karibu kabisa na pangaboi lenyewe. Anayeijua sauti ile anajua: kwenye safu zile za jirani na feni, mhudumu akitangaza unaona mdomo unacheza tu. Mtoto akalala kwa ule mvumo. Mama naye, usiku kucha hajafumba jicho, akasinzia.

Pembeni yake dirishani alikaa baba mmoja mtu mzima, kofia ya pama, mkoba mdogo ameukumbatia tangu Mwanza. Broka wa dhahabu, sisi wa huku tunawajua hata wakilala. Upande wa pili ni njia, watu wanapita kwenda chooni, mhudumu anapita na kitoroli. Mama wa watu, kijana wa miaka ishirini na kidogo, mara yake ya kwanza kupanda ndege, baba mkwe kabisa kwa umri amekaa kushoto kwake na umati unapita kulia. Angelitoa ziwa saa ngapi?

Hilo sikulifikiria. Nilimpa maelekezo ya nesi, sikufikiria atakuwa amekaa wapi akiyatekeleza.

Tangazo la kushuka likatolewa. Hakulisikia. Taa ya mikanda ikawaka. Mimi nilisikia, nikainua shingo nimtazame, nikaona kitambaa chake cha kichwa kimelala pembeni. Nikasema labda ananyonyesha. Alikuwa amelala.

Dakika kama kumi baadaye nikasikia kilio kinapenya ule mvumo. Kilio cha sikio mama yeyote anakijua, kinaanza juu moja kwa moja. Kikaendelea. Halafu kikabadilika, kikawa cha kukatika katika. Halafu nikaona mama anasimama, amemwinua mtoto juu ya kiti kama anayetaka kunionyesha, na ule uso mdogo haukuwa na rangi yake.

Nimechoka kwa leo, na huyu wangu naye anadai maziwa. Kesho.


SEHEMU YA 3

Mmeninunia jana, najua. Tuendelee.

Nilifungua mkanda nikakimbia. Mhudumu alikuwa ameshajifunga kwenye kiti chake, akanipigia kelele, "Mama kaa chini! Mkanda!" Nikamjibu bila kusimama, "Mimi nesi, mgonjwa wangu yule!" Ndege inainama, mimi nashika viti vya watu, na mabega ya watu. Kutoka safu ya kumi na tano hadi ya nne ukiwa unatembea kawaida ni hatua chache. Siku ile niliona kama natoka Kahama hadi Tinde kwa mguu.

Yule baba wa kofia aliniona nakuja. Sikumwambia neno. Akasimama, akapita juu ya magoti ya mama, akanipa kiti na kuelekea nyuma kwenye kiti changu huku anayumba, mkoba kifuani.

Nikakaa dirishani, nikampokea mtoto, nikamkunja magoti mpaka yakagusa kifua, mgongo wake kwenye tumbo langu. Mkao ule unafanya damu nyingi zaidi iende kwenye mapafu badala ya kupita njia ya mkato. Mama wa watoto wenye tatizo hili wanafundishwa, na watoto wakubwa wenye tatizo hili utawaona wenyewe wanachuchumaa wakichoka. Nikamwambia mama, "Usilie wewe. Mwimbie." Akaanza kuimba Kisukuma kwa sauti ya kutetemeka, karibu kabisa na sikio la mtoto. Mhudumu, na namshukuru mpaka leo, alikuwa ameshafungua mkanda wake na kuja na mtungi mdogo wa oksijeni wanaouweka kwa dharura. Tukamsogezea barakoa bila kumbana usoni, maana ukimbana analia zaidi na ndiyo unazidi kuharibu.

Kilio kikapungua. Nikamwambia mama sasa mpe ziwa, mimi nimekukinga. Nilikuwa nimegeuza mgongo wangu kuwa pazia. Akanyonya kidogo, akaacha, akanyonya tena. Nilikuwa natazama kucha. Zilikuwa za zambarau, zikawa kama kijivu, magurudumu yanagusa lami pale Dar zilikuwa zinarudi.

Madaktari uwanjani walimkuta ametulia. Sisi wawili ndio hatukuwa tumetulia.

Kabla hamjaniuliza: mtoto yuko hai. Nitafika huko. Ila sasa tuongee viti, kwa sababu ndiyo mada.


SEHEMU YA 4

Shule yetu ya viti sisi wa huku ni basi. Tumelelewa tukijua kiti cha nyuma ni adhabu. Kila shimo la barabarani unaruka nalo, vumbi lote lako. Kwa hiyo mtu akiulizwa kwenye ndege anasema mbele, mbele, na dirishani aone ziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Ndege hazifanani. Kwanza uliza utapanda ya aina gani, mara nyingi imeandikwa kwenye tiketi au wakala anajua.

Za pangaboi huku kwetu ni ATR, ambazo Precision Air wamezitumia miaka mingi, na Q400 za Air Tanzania, zile wengi tunaziita Bombardier. Zote zina viti viwili kila upande, hakuna kiti cha katikati. Kelele kubwa iko kwenye safu zinazotazamana na mapangaboi, kuelekea mbele. Ukisogea nyuma kwenye ATR kunatulia. Tena ATR abiria mnapandia mlango wa nyuma na choo kiko nyuma, kwa hiyo mama mwenye mtoto na begi la nepi akikaa nyuma kidogo anafika haraka, anashuka mapema na anasikia matangazo. Kiti ambacho kwenye basi ni adhabu, hapa ni zawadi.

Ile kubwa ya jeti, Airbus A220 ya Air Tanzania, mambo yanageuka. Injini ziko chini ya mabawa, kelele inaelekea nyuma, mbele ndiko kumetulia. Huko daraja la kawaida lina viti viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Mkiwa baba, mama na mtoto wa kupakata, ombeni upande wa viwili. Mama dirishani, baba njiani, mmepata chumba chenu. Mkiwa na mtoto wa tatu mwenye kiti chake, basi upande wa vitatu na mtoto awe katikati. Wapo wajanja wanaochukua dirisha na njia upande wa vitatu wakiomba Mungu cha katikati kisipate mtu. Ndege ikijaa ujanja unaisha, mnamwomba mgeni wenu abadilishane.

Dirisha au njia? Kwa mama anayenyonyesha mimi nasema dirisha, na sababu si mandhari. Ukuta unakuwa pazia upande mmoja, khanga inafanya upande wa pili. Kichwa cha mtoto na vidole vyake haviko kwenye njia ya kitoroli. Chai ya moto haipiti juu yake. Pembeni yako akae mtu wako kama unaye. Kama huna, muombe mhudumu kabla ya watu kukaa kama kuna mama mwenzako wa kukaa naye. Waombeni, jamani. Mimi niliona haya, mmeona kilichotokea.

Mjamzito yeye akae njiani, usawa wa mabawa. Njiani kwa sababu ya choo na kunyoosha miguu, usawa wa mabawa kwa sababu ndege ikitikisika hapo katikati panatikisika kidogo kuliko mkiani. Mkanda chini ya tumbo, kwenye nyonga. Mashirika mengi yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na baada ya wiki ya 36 hawakupakii, kwa hiyo usiende kubishana kaunta na tumbo lako.

Jua nalo. Mwanza kwenda Dar ndege inaelekea kusini mashariki. Asubuhi jua linakuja upande wa kushoto. Jioni mkirudi limehamia magharibi, na ndege nayo imegeuka, kwa hiyo bado ni kushoto. Mtoto asimulikwe usoni saa nzima: kaa kulia. Hili dogo limeniokolea vilio vingi.

Viti vya mlango wa dharura vina nafasi nzuri ya miguu, usivitamani. Mjamzito, mama mwenye mtoto wa kupakata na watoto hawaruhusiwi kukaa hapo, utahamishwa mbele za watu. Na ukipanda jeti na mtoto wa kupakata ukaambiwa uhame safu kwa sababu kuna mama mwingine mwenye mchanga hapo, usifikiri unaonewa. Kwa kawaida kila kundi la viti lina barakoa moja tu ya oksijeni ya ziada. Watoto wawili wa kupakata kwenye kundi moja, mmoja angekosa.

Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa na nauli yake ni kidogo sana. Kuna mkanda wake mdogo unaopita kwenye mkanda wako, uombe. Usimzungushie mkanda wako wewe, ndege ikishtuka uzito wako wote unamgandamiza yeye. Nimeona mama tatu wakifanya hivyo kwenye safari moja, na hakuna aliyewaambia.

Masikio: kupaa si shida sana, shida ni kushuka. Kale kamrija kanakounganisha sikio na koo kwa mtoto ni kembamba, akiwa amelala hamezi, presha inajaa. Ndege huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua. Muda huo mwamshe, mpe ziwa au chupa, mkubwa mpe pipi anyonye. Hata kama amelala kitamu namna gani. Kama ana mafua mazito au sikio linatoa usaha, aonwe kwanza na mtaalamu kabla ya safari.

Wenye watoto wa selimundu, sikoseli kama tunavyozoea kuita, na Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo yenye wagonjwa wengi nchini: usimpandishe ndege mtoto aliyetoka kwenye maumivu makali juzi bila daktari kumwona. Damu ikiwa chini ya gramu 7.5 daktari lazima aamue kwanza. Ndani ya ndege maji ya kutosha, sweta na soksi maana kuna baridi, na kiti cha njiani au karibu na njia ili asimame na kunyoosha miguu. Huyu dirisha la baridi halimfai.

Na hela? Kuna njia za bure. Kuchekini mtandaoni mara nyingi hufunguliwa siku moja kabla, ukiwahi unakuta viti bado. Ukishindwa mtandao, wahi kaunta, na sentensi ya kwanza kutoka mdomoni iwe, "Nina mtoto wa kupakata, naomba nikae na mwenzangu." Kama mtoto ni mgonjwa mwenye barua, shirika lijue kabla ya siku ya safari, siyo pale kaunta foleni imejaa. Yote yakishindikana, lipia. Kilo ya nyama, wamama.


SEHEMU YA 5

Kuna swali mmelikwepa kuliandika wazi, mmekuja nalo inbox. "Nesi, kiti gani ni salama?" Najua mnawaza Bukoba.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, ATR 42 iliyotoka Dar, ilianguka ziwani ikijiandaa kutua Bukoba. Walikuwa ndani watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwemo. Ndege ilizama pua mbele, mkia ukabaki juu, na waliookolewa walitokea nyuma, kwenye ule mlango ambao mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alisaidia kuufungua kwa kasia. Baada ya hapo huku Kanda ya Ziwa kila mtu akawa mtaalamu: kaa nyuma, kaa nyuma.

Mimi sitawaambia hivyo. Siku ile nyuma kulikuwa juu ya maji, ajali nyingine mambo yangekuwa vingine. Hakuna kiti naweza kukuapia. Ninachokifanya mimi nikikaa, kabla ya simu, kabla ya kuangalia dirishani, nahesabu migongo ya viti kutoka kwangu hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma. Nahesabu kwa mkono, nagusa, ili hata gizani nijue. Halafu namuuliza mhudumu, "Boya la mtoto liko wapi?" Maboya ya watu wazima hayamfai mchanga, ya kwake ni tofauti, na kwa safari zetu za juu ya ziwa nataka kujua nitapewaje. Wengine wananiangalia kama namletea ndege mkosi. Waniangalie. Na boya usilijaze ukiwa ndani, utaelea kwenye dari na mlango uko chini.

Inatosha habari za kutisha. Nimalizie na yule mtoto.

Alifanyiwa upasuaji. Walikaa Dar wiki nyingi kuliko tulivyopanga, mimi nilikuwa nimesharudi kazini. Kila nikipita wodini nilikuwa najilaumu kwa kile kiti, nikimwona broka yeyote mwenye kofia ya pama natamani kumkimbilia nimshukuru, maana yule tulipotua alitokomea na mkoba wake hata jina sikumuuliza. Siku moja simu ikaita. "Sista, tumeruhusiwa." Nyuma ya sauti yake nikasikia mtoto anapiga kelele za kucheza, zile kelele ndefu ambazo zamani tungezikimbilia.

Nauli ya kurudi duara lilishatoa, si sana, lakini lilitoa. Nikamwambia sitaweza kuja kumchukua, nimpigie wakala nimpangie? Akasema, "Acha, nitaongea mwenyewe."

Nikawapokea Mwanza. Walitoka wa kwanza kwanza kabisa, mtoto mgongoni, midomo ya pinki kama ndani ya pera. Nikamuuliza amekaa wapi.

"Nyuma, mkono wa kulia, dirishani," akasema. "Kuna kaka alishakaa hapo, akaniambia mama kaa tu hapo njiani ni sawasawa. Nikamwambia kaka yangu, samahani, hiki nimekilipia."